Tuimulike punje kabla hatujaisaga

Mkaguzi wa nafaka anapofika ghalani huchoma gunia kwa bambo, akatoa konzi chache za mahindi kutoka huku na kule, akazitia mfukoni na kuzipeleka maabara. Huko husagwa, zikatiwa dawa, kisha kikapimwa kiasi cha sumu ya aflatoksini kilichomo. Kiasi hicho kisipozidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja, gunia zima, na aghalabu shehena nzima, hupewa idhini ya kuliwa na watu. Maana yake ni kwamba mahindi yaliyopimwa hayaliwi, na yale yatakayoliwa hayakupimwa.

Sisemi hivyo kwa kuwabeza wakaguzi wetu. Wanafuata kanuni zinazofuatwa ulimwenguni kote, na wengi wao hufanya kazi kwa uaminifu. Tatizo limo katika hesabu yenyewe. Gunia la kilo 90, tukikadiria kwamba punje moja ina uzito wa gramu 0.3 hivi, lina punje zipatazo 300,000. Sumu hii nayo haienei kwa usawa kama chumvi ndani ya mchuzi. Kuvu inayoitengeneza, ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus, huishambulia punje hii ikaiacha ya jirani yake. Imewahi kupatikana punje moja ya mahindi yenye zaidi ya sehemu 400,000 kwa bilioni. Punje ya namna hiyo, ikisagwa pamoja na kilo 12 za mahindi safi kabisa, inatosha kuufikisha unga wote kwenye kikomo cha sheria. Bambo likiikosa, gunia hupita. Likiinasa, gunia hukataliwa hata kama mahindi mengine yote yaliyomo hayana dosari, na mkulima aliyeyapalilia hupoteza jasho la msimu mzima.

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Kwa mahindi, usemi huo huwa kweli pale tu yanapofika kinuni. Kabla ya hapo mabovu yangali yamesimama peke yake, kila punje na ganda lake, na yanaweza kutengwa. Hoja yangu leo ni kwamba ufundi wa kuyatenga upo. Mashine zenye kamera na mwanga maalumu zinaweza kuitazama kila punje bila kuipasua wala kuisaga, na ni wajibu wa serikali zetu, ya kitaifa na za kaunti, kuzifikisha pale ambapo mahindi ya maskini hupitia.

Yamkini kuna msomaji atakayeona kwamba ninalikuza jambo dogo. Na akumbuke yaliyotokea. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos kama ilivyokuwa wakati huo, wagonjwa 20 walipatikana na maradhi ya ini yaliyotokana na mahindi yenye sumu hii. 12 kati yao walifariki. Mwaka 2004 msiba ulirejea kwa ukali zaidi, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wachunguzi walipochukua mahindi na bidhaa zake kutoka kwa wachuuzi wa masoko ya sehemu hizo, walikuta asilimia 55 ikiwa na zaidi ya sehemu 20 kwa bilioni, ambacho ndicho kilichokuwa kikomo cha Kenya wakati huo, na asilimia 7 ikiwa na zaidi ya sehemu 1,000. Majirani zetu nao hawakusalimika. Mwaka 2016, katika mikoa ya kati ya Tanzania, Dodoma na Manyara zikiwemo, waliugua watu 68 na 20 wakaaga dunia.

Hao ni wale waliokufa kwa ghafula na kuhesabiwa. Wako wengine ambao hawamo katika orodha yoyote, maana sumu hii ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kupika hakusaidii. Ugali ukisongwa ukaiva, githeri ikitokota usiku kucha, sumu hubaki palepale kwa kuwa haiharibiwi na moto wa jikoni.

Serikali imekuwa ikilijibu tatizo hili kwa marufuku. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku nembo tano za unga wa mahindi zilizopatikana zimepita kiwango. Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) ilizuia mahindi yote ya Uganda na Tanzania yasiingie nchini. Malori yakakwama mpakani, wakulima wa nchi hizo wakalalamika, wanasiasa wakarushiana maneno, na siku chache baadaye mlango ukafunguliwa tena kwa masharti. Nchi hizi tatu zimo katika jumuiya moja na zimekubaliana juu ya kiwango kimoja cha sumu. Kilichokosekana ni njia ya kutenganisha mazuri na mabaya, na aliyekosa njia hiyo hana budi kukataa yote au kukubali yote. Katazo la jumla ni silaha ya mtu asiyeona anachokipiga.

Ufundi wa kutazama bila kuharibu si mgeni kwetu. Muuza mayai hulimulika yai juani au kwenye taa ili ajue kama lina kifaranga. Mnunuzi wa nazi huitikisa sikioni. Na mama anayetandaza mahindi juu ya uteo, akaondoa yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yaliyoliwa na wadudu, anafanya kazi ambayo sayansi imeithibitisha kuwa na manufaa: punje hizo anazozitupa ndizo zilizo na sumu nyingi kuliko nyingine. Ukambani, mahindi yakikobolewa kuwa muthokoi hupungukiwa na sumu, kwa sababu sehemu kubwa yake imo katika ganda na kiini, ambavyo huondolewa. Nasikitika kwamba mazoea haya yameanza kuachwa kwa kuonekana kuwa ni ya kishamba. Hata hivyo, jicho la mama lina mpaka. Liko ovu analoliona, na liko lililojificha ndani ya punje nyeupe iliyonona.

Hapo ndipo mwanga unaposaidia. Aflatoksini yenyewe ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha njugu kilichoharibika, na tangu mwanzo mwanga ulikuwa shahidi wake. Majina ya aina zake, B na G, yalitokana na maneno ya Kiingereza ya rangi ya buluu na ya kijani, kwa kuwa hizo ndizo rangi zinazong'aa sumu hiyo inapowekwa chini ya miale ya urujuanimno. Baadaye ikagunduliwa kwamba hata punje nzima iliyoshambuliwa na kuvu hiyo mara nyingi hung'aa kwa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Kinachong'aa katika punje si sumu yenyewe, bali ni kitu kingine kinachotengenezwa na kuvu hiyo hiyo, kwa hiyo dalili hiyo huweza kudanganya. Ni sawa na moshi. Huonyesha kwamba moto ulikuwapo, lakini hauelezi umeunguza kiasi gani.

Njia ya pili ni mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Punje iliyoliwa na kuvu hupoteza uzito, unga wake wa ndani hubadilika, na mwanga huo huipenya au huakisiwa kwa namna isiyofanana na ile ya punje nzima. Mahindi hudondoshwa moja moja kwenye mfereji, yakapita mbele ya mwanga na kihisio, na punje yenye dalili mbaya ikasukumwa kando kwa mpulizo wa hewa kabla haijafika chini. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha mwaka 2004 kwamba mahindi yakipitishwa mara moja tu katika mashine ya aina hiyo, sumu iliweza kupunguzwa kwa takriban asilimia 80. Muhimu zaidi kwetu ni kazi iliyochapishwa mwaka 2017, ambayo ilitumia mahindi yaliyonunuliwa katika masoko ya mashariki mwa Kenya. Mashine ya gharama nafuu, yenye taa za rangi kadhaa, iliyachambua, na yale iliyoyakubali yakawa na sumu kidogo sana kuliko yalivyokuwa awali. Kwa hiyo haifai kwa yeyote kusema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Mahindi yetu wenyewe yamekwisha kumulikwa.

Kwa wakulima wa mbegu kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Mtaalamu akiisaga punje ili kuipima, amepata jibu lakini amepoteza mbegu. Akiimulika kwa infraredi, au akiipiga picha ya eksirei ili aone kama kuna dumuzi ndani, punje hiyo hiyo inaweza kupandwa kesho. Kwa watu wanaotafuta aina za mahindi zinazostahimili kuvu na ukame wa Ukambani, kuweza kuchagua mbegu moja moja bila kuiua ni kufupisha safari ya miaka.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Teknolojia hizi za kutazama tayari zimo katika biashara ya chakula, ila hufuata pesa. Viwanda vikubwa vya mchele, vya kahawa na vya njugu hutumia mashine zinazochagua kwa rangi. Parachichi la kuuzwa ng'ambo hukaguliwa ukomavu wake kabla ya kuvunwa, na vipo vifaa vya infraredi vinavyoweza kuukadiria bila kulipasua tunda. Kenya ilipojizuia yenyewe kuuza maembe katika nchi za Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, juhudi kubwa zilifanywa hadi soko likafunguliwa tena mwaka 2021. Ni vyema. Lakini mtu anayekula embe letu akiwa ng'ambo ana serikali yake inayomlinda. Mwananchi wa Mutomo anayenunua gorogoro mbili za mahindi sokoni na kuyapeleka kwenye kinu cha posho analindwa na nani? KEBS hukagua unga uliofungwa pakitini kwa kuwa una nembo na mwenyewe anajulikana. Unga wa kinu cha posho hauna nembo. Hauwezi hata kupigwa marufuku, maana umekwisha kuliwa jioni ile ile uliposagwa.

Kwa hivyo nashikilia kwamba ikiwa mashine hizi zitaingia nchini kupitia milango ya viwanda vikubwa peke yake, tutakuwa tumeongeza dhara. Nafaka zitakazokataliwa mjini zitarudi mashambani kwa bei ya chini, na mnunuzi wake atakuwa ni yule yule asiyepimiwa. Soko la mahindi halitupi kitu. Kilichokataliwa mlango wa mbele huingia kupitia wa nyuma.

Najua watakavyojibu wakuu wa wizara. Watasema kwamba mashine hizo ni ghali, kwamba vinu vya posho ni vingi mno, na kwamba dawa halisi ya sumu hii ni kukausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 na kuyahifadhi pakavu. Hili la mwisho ni kweli tupu, na silipingi. Mwanga hautibu mahindi. Mkulima anayevuna mvua ikinyesha na kuyarundika mahindi sakafuni atapata kuvu, na hakuna kamera itakayomwokoa. Hali kadhalika Aflasafe, ile kuvu isiyo na sumu ambayo Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) limekuwa likiishughulikia huko Katumani, inastahili kusambazwa mashambani ili iitangulie ile mbaya. Lakini mtu hachagui kati ya kufunga mlango na kuweka taa. Mahindi huharibika hata kwa mkulima hodari, kwa sababu ukame huidhoofisha mimea ingali shambani na kuvu huanza hapo, kabla ya mavuno.

Kuhusu idadi ya vinu, nakubali kwamba kufunga mashine katika kila kimoja haiwezekani. Tufanye hesabu nyingine. Mashine inayotazama punje 20 kwa sekunde ingehitaji zaidi ya saa 4 kulimaliza gunia moja la kilo 90. Hakuna mteja wa kinu cha posho atakayesubiri kiasi hicho huku watoto wakilia njaa. Mashine za kasi kubwa zipo, nazo ndizo ghali. Basi mahali pake si kinuni, bali ni pale mahindi yanapokusanyika kabla ya kutawanyika: katika ghala la ushirika, katika vituo vya Halmashauri ya Nafaka na Mazao (NCPB), na kwa wale wanaoziuzia shule chakula. Mwaka 2023 serikali ilisambaza mashine za kukaushia mahindi katika vituo vya namna hiyo. Mkulima akishabeba magunia yake hadi kwenye kikaushio, safari ya pili haipo. Mahindi yatoke kwenye joto yaingie kwenye mwanga. Nafaka za shule zingefaa kutangulia, kwa sababu hununuliwa kwa wingi, mlaji wake ni mtoto, na mtoto huyo hana hiari ya kuchagua sahani nyingine.

Upo pia ugumu wa kitaalamu ambao wauzaji wa mashine hawapendi kuutaja. Vifaa vingi vya aina hii vilifundishwa kwa mahindi ya manjano ya Marekani. Sisi tunakula mahindi meupe, tena ya mbegu nyingi zilizochanganyika katika gunia moja, mengine yakiwa na vumbi la soko na mabua. Chombo kilichozoea rangi moja kikiletwa kwenye nyingine bila kurekebishwa kitakataa nzuri na kukubali mbaya, kisha wananchi watasema mashine ni za ulaghai, na watakuwa na haki. Kazi ya kuvirekebisha inapasa kufanywa hapa, na KALRO pamoja na vyuo vikuu vyetu, kwa punje za Makueni, za Trans Nzoia na za ng'ambo ya mpaka. Nchi za kanda hii zinaweza kuchangia gharama hiyo kwa pamoja, maana lori linalotoka Mbale au Arusha hubeba mahindi yanayofanana na yetu. Kama Uganda, Tanzania na Kenya zingekubali kwamba nafaka iliyochambuliwa kwa njia moja na kupewa cheti huko inakotoka haizuiwi mpakani, tungekuwa tumepata jambo ambalo marufuku ya 2021 haikuweza kulitoa.

Limebaki la mkulima, na hapa ndipo mipango mingi mizuri huvunjikia. Mkulima akileta kilo 90, mashine ikatoa kilo 10, nani atakayebeba hasara? Kama ni yeye peke yake, na bei ya gunia lililochambuliwa ikawa sawa na ya lile ambalo halikuchambuliwa, atampelekea dalali anayelinunua mahindi kwa macho na kulipa pesa taslimu pale pale. Sitamlaumu. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019 ingeweza kutumika hapa: mahindi yaliyomulikwa yaandikwe daraja lake katika stakabadhi, na daraja hilo liwe na bei yake ambayo benki na mnunuzi wanaitambua. Pasipo tofauti ya bei, mashine itakaa ikipata kutu.

Na hizo kilo 10 zilizotolewa, zitakwenda wapi? Desturi yetu ni kwamba mahindi mabovu hupewa kuku na ng'ombe, au hugeuzwa kuwa busaa. Ng'ombe akila sumu hii, sehemu yake hutokea katika maziwa ikiwa imebadilika kidogo na kuitwa M1, nayo pia ni hatari. Tutakuwa tumeiondoa sahanini na kuirudisha kwenye kikombe cha mtoto. Mashine inayochambua vizuri hukusanya sumu ya magunia mengi katika gunia moja, na gunia hilo likiuzwa kwa mfugaji asiyejua ni balaa kubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo. Kwa hiyo kabla mashine ya kwanza haijafungwa Kathonzweni au Mutomo, serikali ya kaunti iwe imekwisha kutangaza hadharani punje zilizokataliwa zitateketezwa au zitapelekwa katika kiwanda gani kisichotengeneza chakula cha mtu wala cha mnyama, nani atakayezipima na kuziandika daftarini, na mkulima atalipwa kiasi gani kwa kila kilo iliyotolewa katika gunia lake.